Umtandikie nini sungura, na umpe nini atafune: mwongozo kamili kwa wafugaji wa Tabora

Sungura anapiga chafya, nyayo zimenyonyoka manyoya, na banda linanuka siku ya pili tu baada ya kusafishwa. Ukiuliza kulikoni, maelezo ni yaleyale: gunia la unga wa mbao limetoka kwa seremala likamwagwa sakafuni, na tawi la mwembe limetupwa pembeni "ili anoe meno". Yote mawili ni makosa. Yote mawili yanarekebishika kwa vitu vinavyopatikana hapahapa Tabora, vingi bure.

Kabla ya hatua yoyote, shika jambo moja: sungura hula anacholalia. Atakionja, atakitafuna, na kikimnogea atakimaliza. Halafu hawezi kutapika. Kikishaingia ni lazima kipite njia yote au kigande tumboni. Kwa hiyo chagua matandiko kwa makini yaleyale unayochagulia chakula. Ukishalielewa hilo, nusu ya maswali yanajijibu yenyewe.

## Mahitaji

Kwa sungura mmoja mkubwa wa kilo 2 hadi 3:

- Beseni la plastiki la pembe nne, kama sentimita 50 kwa 40, kina sentimita 12 hadi 15. Hili ndilo choo chake.
- Magazeti ya zamani yasiyong'aa, au karatasi za kaki.
- Nyasi kavu, zile wafugaji wa ng'ombe wanazoziita hei. Gunia kubwa moja lililoshindiliwa humtosha mwezi mmoja hivi, kula na kulalia.
- Maboksi matatu au manne ya kaki.
- Chekeche la fundi mwashi, lile la kuchekechea mchanga.
- Siki nyeupe nusu lita, brashi, na kitambaa cha kufunika pua.
- Kisu au mkasi wa kukatia matawi.

Maranda hayamo kwenye orodha kwa makusudi. Unaweza kumfuga sungura maisha yake yote bila maranda. Kama unayataka kwa sababu ni mepesi kupatikana, soma hatua ya kwanza mpaka mwisho.

## Hatua ya 1: Toa visivyofaa

Hapa ndipo wengi wanapoanguka, kwa hiyo tukae kidogo.

Unga wa mbao. Msumeno hutoa unga, randa hutoa maranda. Hivi ni vitu viwili, japo seremala anaweza kuvichota na kuvitia gunia moja. Unga huingia puani na machoni, na ukilowa mkojo hugeuka uji unaoganda kwenye nyayo. Ukifika karakana sema wazi: "Shikamoo fundi, naomba maranda ya randa, usinichanganyie unga wa msumeno." Maranda mazuri ni mapana, yamejikunja kama pete, na ukiyaminya ngumini yanarudi kufumuka.

Paini, saiprasi na mbao nyingine zenye harufu. Harufu ile nzuri ya utomvu ndiyo tatizo lenyewe. Kemikali zinazotoka kwenye mbao hizo huwasha njia ya hewa na kulifanyisha ini kazi ya ziada. Ini la namna hiyo linaweza kubadilisha hata namna dawa ya usingizi inavyofanya kazi siku sungura akihitaji upasuaji. Kama huna budi kutumia paini, yawe maranda yaliyokauka kabisa yasiyonuka utomvu tena, uyachekeche, uyatumie chini ya nyasi kwenye banda la nje lenye hewa nyingi. Ndani ya nyumba usiyaingize.

Mninga na mvule. Ni mbao za thamani, na karakana za mikoa yetu zinazo. Lakini waulize maseremala wenyewe: vumbi la mninga linawasha pua na ngozi, na la mvule vilevile. Kinachomfanya mtu mzima afunge kitambaa puani kisitandikwe chini ya mnyama ambaye pua yake iko sentimita tano kutoka sakafuni.

Mbao zilizotiwa dawa. Mbao za kenchi mara nyingi zimetiwa dawa ya kuzuia wadudu. Nyingine zina rangi ya kijani kibichi, nyingine zimepakwa oili chafu. Maranda yake na vipande vyake vyote havifai. Plaiwudi na mbao za kubandikwa kwa gundi nazo usimpe atafune.

Mabua ya tumbaku. Hili ni la kwetu. Baada ya mavuno, Urambo, Kaliua na Sikonge mabua hubaki shambani mengi, makavu, na bure, na yanafanana na kitu cha kutandika. Yana nikotini. Sungura atayatafuna, na nikotini ni sumu kwake. Usichukue pia nyasi zilizokaa ndani ya mabani ya kukaushia tumbaku, magunia yaliyobebea tumbaku, wala majani ya pembezoni mwa mashamba ya tumbaku na pamba yanayopigwa dawa.

Magunzi ya mahindi. Yanafyonza maji vizuri, ndiyo maana watu huyapenda. Lakini kipande kikimezwa hakisagiki, na kinaweza kuziba utumbo.

Pumba za mpunga. Kwenye banda la kuku ni sawa. Kwa sungura hazifyonzi mkojo, zina ncha kali zinazochoma macho, na zina vumbi. Mabua ya mpunga kutoka Nzega au Igunga ni habari nyingine: yakiwa makavu, ya rangi ya dhahabu na hayajanyeshewa, ni matandiko mazuri ya kulalia. Ila usiyahesabu kuwa chakula, hayana lishe ya kutosha.

Maganda ya karanga. Yaliyohifadhiwa vibaya huota fangasi wanaotengeneza sumukuvu, na sungura ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika upesi na sumu hiyo. Huwezi kuiona kwa macho wala kuinusa. Acha kabisa.

Viroba, zulia na nguo zenye nyuzi. Nyuzi za kiroba zikikatwa kwa meno humezwa ndefundefu na kujisokota tumboni. Kipande cha khanga kuukuu kinaruhusiwa kwa sungura asiyekula nguo. Ukiona tundu moja limetafunwa, kitoe siku hiyohiyo.

Mchanga wa choo cha paka unaoganda. Ukilowa huvimba na kushikana. Ukimezwa, hufanya hivyohivyo tumboni.

## Hatua ya 2: Kausha nyasi zako mwenyewe

Nyasi ndiyo matandiko bora, tena ndiyo chakula kikuu, tena ndiyo dawa ya meno. Vitu vitatu kwa gharama ya kufyeka.

Wakati mzuri kwa Tabora ni mwishoni mwa Aprili na Mei, mvua zinapokatika na nyasi bado zina rangi. Ukingoja Agosti utakata vijiti.

1. Chagua ukoka, au majani ya tembo ambayo hayajavuka urefu wa mita moja. Yakikomaa zaidi, shina huwa gumu kama fito.
2. Kata asubuhi umande ukishakauka, kama saa nne. Nyasi zilizokatwa na umande huanza kuoza katikati ya lundo.
3. Tandaza juu ya turubai, unene usizidi sentimita 10. Geuza mara mbili kwa siku, siku mbili au tatu. Jioni kusanya na ufunike.
4. Zikishanyauka, malizia kivulini penye upepo. Jua kali la siku nyingi huzifanya nyeupe na zinazovunjika kuwa vumbi.
5. Hifadhi kwenye magunia ya kupitisha hewa, juu ya fito au matofali. Usiweke chini moja kwa moja. Mchwa wa Tabora hawahitaji mwaliko.

Umefaulu kama nyasi zina rangi ya kijani iliyofifia, zinanukia kama chai kavu, na ukikunja shina linakatika kwa mlio. Kama hujaamini, chukua konzi moja, ifunge kwenye mfuko wa nailoni unaoonyesha ndani, iweke juani saa moja. Matone yakitokea ndani ya mfuko, bado zina maji. Zirudishe kivulini.

Kuvuka masika yote, yaani Novemba hadi Aprili, sungura mmoja anahitaji magunia sita. Weka saba au manane. Masika huharibu moja au mawili hata ufanyeje.

## Hatua ya 3: Pima kabla ya kutandika

Kila gunia jipya lipite majaribio mawili, hata kama limetoka kwa mtu unayemwamini.

*Vumbi.* Asubuhi jua linapoingia dirishani, simama pembeni ya mwale huo, inua konzi ya nyasi au maranda mpaka kifuani, iachie ianguke sakafuni. Tazama ndani ya mwale. Chembe chache zinazotua upesi ni kawaida. Ukiona wingu linalobaki likielea, chekecha nje huku umefunika pua, kisha jaribu tena. Likishindwa mara ya pili, lipeleke kwenye shimo la mboji.

*Ukungu.* Chomeka mkono mpaka katikati ya gunia. Joto, unyevu, harufu ya chumba kilichofungwa, madoa meusi au meupe: moja tu kati ya hayo linatosha kulikataa gunia zima. Usichague "sehemu nzuri". Mbegu za ukungu zimeshasambaa.

## Hatua ya 4: Tandika

Kwanza mwachie sungura achague kona. Mtazame siku mbili uone anakojolea wapi, kisha weka beseni hapohapo na utie humo vidonge vichache vya kinyesi chake. Ukilazimisha kona unayoitaka wewe, atakojoa pembeni ya beseni na utasema sungura hafundishiki.

Ndani ya beseni, kutoka chini:

1. Karatasi sita hadi nane za gazeti, zikunjwe zilingane na beseni.
2. Karatasi za kaki au boksi lililochanwa vipande vya upana wa vidole viwili, unene sentimita 3. Hii ndiyo tabaka inayonyonya mkojo.
3. Nyasi kavu sentimita 5, na upande mmoja ziwe nyingi zaidi. Sungura hula huku akijisaidia, kwa hiyo nyasi za kula zikiwa karibu na choo anazoea haraka.

Kabla ya kuchana boksi, bandua gundi ya utepe na ung'oe pini zote za chuma. Pini moja iliyosahaulika inatosha kuleta msiba. Karatasi za magazeti ya kung'aa na vipeperushi vya rangi usitumie.

Mahali pa kulala pawe na nyasi au mabua ya mpunga ya sentimita 8. Nyayo za sungura hazina soli laini kama za paka. Zina manyoya tu, na chini yake ngozi nyembamba, mfupa uko karibu. Ndiyo maana sakafu ya waya mtupu huleta vidonda vya visigino. Kama banda lako ni la waya, funika angalau nusu yake kwa ubao usio na dawa au mianzi iliyopasuliwa na kusuguliwa kingo.

Umefaulu kama baada ya wiki moja kinyesi kingi na karibu mkojo wote uko ndani ya beseni, na ukimgeuza miguu juu nyayo zake ni kavu, zina manyoya, hazina wekundu.

## Hatua ya 5: Safisha kwa ratiba

Kila asubuhi toa sehemu zilizolowa na uongeze nyasi mpya. Beseni lote libadilishwe kila baada ya siku mbili au tatu, na sehemu ya kulala mara moja kwa wiki.

Kipimo cha harufu si pua yako ukiwa umesimama. Inama mpaka uso wako ulingane na wa sungura. Ukisikia mkojo unawasha puani, amonia imeshazidi, na yeye ameivuta usiku kucha. Amonia huchubua utando wa pua na kumfungulia mlango bakteria wa mafua ya sungura, Pasteurella.

Utando mweupe mgumu kwenye beseni ni chokaa kutoka kwenye mkojo wake. Sabuni haiutoi. Mimina siki, acha dakika 20, sugua, suuza, kausha juani. Mkojo wa rangi ya chungwa au mwekundu mara nyingi ni rangi za majani aliyokula. Lakini akikojoa kwa kujikaza, au ukiona madonge ya damu, hilo ni la daktari.

## Hatua ya 6: Vya kutafuna

Sungura ana meno 28 na yote yanakua maisha yake yote. Ya mbele hukua milimita 2 hadi 3 kwa wiki. Watu wakisikia hivyo hukimbilia kutafuta mti mgumu. Mti unamchangamsha, unamzuia asitafune waya wa umeme na miguu ya meza, na kwa hayo una kazi. Lakini magego ya nyuma, ambayo ndiyo huharibika kimyakimya, husagwa na nyasi kwa ule mwendo wa taya kwenda kando. Sungura mwenye rundo la fito na nyasi kidogo ataota meno yenye ncha zinazomkata ulimi.

Vinavyofaa:

- Matawi ya mpera, na majani yake machache.
- Matawi ya mforosadi. Huu ndio bora kuliko yote, na unachipua upya haraka ukiukata.
- Mianzi mibichi na majani yake.
- Matawi ya waridi yasiyopuliziwa dawa, miiba imetolewa.
- Boksi la kaki, na bomba la katikati la karatasi ya choo lililojazwa nyasi.
- Kipande cha mkeka wa ukindu usiotiwa rangi. Mikeka ya rangi ni mizuri sebuleni, si mdomoni mwa sungura.

Trei za mayai za karatasi zinaonekana kufaa, lakini zimekaa chini ya mayai yenye kinyesi cha kuku. Ziache.

Visivyofaa:

Mparachichi, majani na gome, ni sumu kwa sungura, na haina mjadala. Mwembe, ambao Tabora umejaa kila mtaa, una utomvu unaowasha na kuchubua. Kwa kuwa mpera haukosekani jirani, hakuna sababu ya kujaribu. Minyaa na mbono za uani, mnyonyo, mkaratusi, na miti yote ya paini na saiprasi: hapana. Matawi mabichi ya muhogo yana sumu ya sianidi. Lusina hupendwa na mbuzi, lakini sungura akiila mfululizo hunyonyoka manyoya.

Mti usioujua jina usimpe, hata jirani aapeje kwamba wake anakula.

Namna ya kuandaa. Kata matawi yenye unene kati ya kidole kidogo na dole gumba, urefu sentimita 15. Usichukue yaliyo kando ya barabara ya vumbi na moshi. Osha kwa maji matupu, acha gome, kwa kuwa gome ndilo analolitaka. Mpera na mforosadi unaweza kumpa mbichi. Ukitaka akiba, kausha kivulini wiki mbili.

Anza na kipande kimoja jioni. Kesho yake kagua kinyesi: vidonge vikavu, vya mviringo, vinavyolingana ukubwa, maana yake tumbo limekubali. Vikiwa vidogo, vimeshikamana kama shanga kwa manyoya, au vimelainika, ondoa tawi na umwache na nyasi na maji siku mbili. Akizoea, vipande vitatu kwa wiki vinatosha. Tawi lililovuliwa gome likabaki jeupe limemaliza kazi, litoe.

Jiwe la kulamba la ng'ombe, linalouzwa kwenye maduka ya dawa za mifugo, halimsaidii. Madini ya ziada humwongezea hatari ya mawe kwenye kibofu.

## Hatua ya 7: Badilisha kwa majira

Septemba na Oktoba Tabora inawaka. Sungura huanza kuteseka joto likipita nyuzi 28 hivi, na matandiko ya kina humfukizia. Punguza nyasi za kulalia zibaki sentimita 3, acha sehemu ya sakafu wazi, na umwekee tofali lililolowekwa maji au chupa ya maji baridi iliyofungwa kwa kitambaa.

Masika ni kinyume chake. Badilisha beseni kila siku, kwa sababu matandiko hayakauki na inzi hutaga kwenye manyoya machafu ya matakoni. Mgeuze umkague kila asubuhi. Siafu nao hutembea usiku: miguu ya banda isimame ndani ya makopo ya maji yenye tone la mafuta ya kupikia, mbali na mdomo wake.

## Dalili za kukimbilia daktari wa mifugo

Asiyekula wala kutoa kinyesi kwa saa 12 ni mgonjwa wa dharura, usingoje kesho. Vivyo hivyo anayetoka mate kidevuni, au mwenye makamasi meupe na manyoya yanayonata upande wa ndani wa miguu ya mbele. Hapo ndipo anapojipangusia pua.

Usikate meno yake kwa kikatia kucha, hupasuka mpaka kwenye mzizi. Usimnyweshe amoksilini iliyobaki nyumbani, kwani huua bakteria wazuri wa tumbo lake na inaweza kumuua na yeye.

Unapompeleka, chukua konzi ya matandiko, kipande cha tawi alichokitafuna na vidonge vya kinyesi cha siku hiyo, kila kimoja kwenye mfuko wake wa karatasi. Daktari akiviona hivyo vitatu mezani, ataanzia mbali zaidi kuliko kwa maneno ya "alikuwa mzima tu jana".